Msituletee Kaisari, leteni posho kwanza

Kuna ugonjwa umeingia mjini, na nadhani wengi mmeshauona. Pita pale Posta, Dar es Salaam, wanapopanga vitabu chini kwenye turubai. Pita stendi ya mabasi ya mkoa wowote. Angalia kinachouzwa. Vitabu vya mafanikio. Siri za uongozi. Nidhamu ya makamanda. Julius Caesar alifanya nini alipofika mtoni, Marcus Aurelius aliamkaje asubuhi, askari wa Roma alitembea maili ngapi kwa siku akiwa na mzigo mgongoni. Ukikosa kitabu usijali, semina zipo. Atakuja bwana mmoja na suti yake na kipaza sauti, atawaambia vijana waliomaliza chuo na wanaozunguka na bahasha za vyeti mwaka wa tatu huu kwamba tatizo lao ni moja tu: hawana nidhamu. Eti wangejitawala kama askari wa Roma, wangeshatoka kimaisha.

Sasa jamani, mimi sina ugomvi na Roma. Historia hiyo nimeisoma na ninaipenda. Ugomvi wangu ni kwamba tunauziwa nusu ya hadithi kwa bei ya hadithi nzima. Na kinachonikera zaidi ni kuona nusu hiyo inauzwa hata Tabora, mji uliokaa katikati ya njia ya misafara ambako watu wetu wenyewe, wengi wao hawajui kusoma, waliwahi kuonyesha nidhamu ambayo hao makamanda wa Roma wangeitamani.

Nitasema ninachoamini mapema ili tusipotezeane muda. Nidhamu hupimwa siku bosi hayupo. Na haiwezi kuwepo siku hiyo kama siku zote bosi alipokuwepo hakutimiza upande wake wa makubaliano. Hayo mawili wahubiri wa nidhamu hawayasemi, kwa sababu anayewalipa kuja kuhubiri ni bosi.

Tuanze na hiyo Roma yao.

Ni kweli kulikuwa na makamanda wa kupigiwa mfano. Mwaka 134 KK Roma ilimtuma Scipio Aemilianus kwenda Hispania, kwenye mji wa Numantia, ambako jeshi la Roma lilikuwa limeaibishwa kwa miaka. Alikuta kambi imegeuka gulio. Wafanyabiashara, makahaba, wapiga ramli, kila aina. Akawafukuza wote. Akapiga marufuku vitanda, askari walale chini. Lakini soma vizuri: yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulala kwenye majani. Hakulala kwenye hoteli ya nyota tano huku akiwatumia waraka wa kubana matumizi.

Ni kweli pia kwamba askari wa Roma alibeba mzigo wake. Kamanda Gaius Marius, zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo, aliwabebesha askari vyombo vyao, chakula chao na zana zao mpaka watu wakawaita nyumbu wa Marius. Hilo nalikubali.

Lakini mbona hawatuambii habari ya Crassus? Katika vita dhidi ya watumwa walioongozwa na Spartacus, kati ya mwaka 73 na 71 KK, sehemu ya askari wake ilikimbia. Akafufua adhabu ya zamani: wapigiwe kura, na mmoja katika kila kumi auawe, na wauaji wawe ni wenzake. Hiyo nayo iliitwa nidhamu. Je, ndiyo mnayotaka tuige maofisini?

Na mbona hawatuambii kilichotokea mwaka 14? Mwaka huo Augustus alifariki. Mtawala wa kwanza wa dola, mtu aliyekuwa juu kwa zaidi ya miaka 40. Habari zilipofika kwenye kambi za Pannonia, maeneo ya mto Danube, majeshi matatu yaligoma. Na ya mto Rhine yakafuata. Hao hao askari tunaosomewa kwenye semina! Mwanahistoria Tacitus ameandika madai yao, na ukiyasoma utadhani ni walimu au manesi wa kwetu. Walisema wanatumikishwa miaka 30 mpaka 40. Walisema malipo ya siku ni kiduchu na humo humo wanakatwa pesa ya nguo, ya silaha na ya mahema. Walisema ili upate ruhusa ya kupumzika ni lazima umpe chochote ofisa wako. Kulikuwa na ofisa mmoja waliyembatiza jina la "Lete Nyingine", kwa sababu kila alipovunja fimbo mgongoni kwa askari alikuwa anaagiza aletewe fimbo nyingine. Unajua kilichompata? Walimuua siku hiyo.

Wale wa Rhine wakaahidiwa kupunguziwa miaka ya utumishi. Mwaka uliofuata, mambo yalipotulia, ahadi ikafutwa. Naona mnacheka. Mnaijua hiyo.

Kwa hiyo Roma ile ile inayotajwa kama chuo cha kujitawala ilikuwa na askari ambao waliinama kwa sababu ya fimbo, na mwenye fimbo kubwa alipokufa wakainuka. Mimi hiyo siiti nidhamu ya mtu kujitawala. Huo ni woga uliopangwa mistari.

Haya, sasa tuje nyumbani.

Njia ya kati ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mamboya na Mpwapwa, ikakatiza Ugogo, ikaingia Unyamwezi mpaka Tabora, na kutoka hapo ikaenda Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Ni kama kilometa 1,200. Tangu mwaka 2006 ipo kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Wengi tunaijua kama njia ya watumwa, na ni kweli, watu walipitishwa hapo wamefungwa shingo kwa shingo, na hakuna siku tutakayoipamba dhambi hiyo. Wanyamwezi wenyewe, pamoja na watemi wao, walikuwa na watumwa na waliuza watu. Lakini kuna jambo shuleni tulipitishwa haraka mno: sehemu kubwa ya mizigo iliyopita njia hiyo haikubebwa na watumwa. Ilibebwa na wapagazi huru waliofanya kazi kwa ujira, na waliosifika kuliko wote ni Wanyamwezi.

Hao walikuwa wakishuka pwani na misafara yao wenyewe tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Waarabu na Waswahili hawajajenga makazi yao pale Kazeh, ambapo ndipo Tabora ya leo. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani, walikuta biashara ina utaratibu wake wa siku nyingi. Wazungu hao hawakugundua njia. Walipanga foleni kwenye njia ya watu.

Utaratibu wenyewe ulikuwaje? Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, karibu kilo 32. Juu ya hapo mpagazi alibeba mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Mnaona nyumbu wa Marius hapo? Msafara ulitangulizwa na kirangozi mwenye bendera, na kumpita kirangozi njiani lilikuwa kosa la kutozwa faini. Asubuhi baragumu ikilia, watu wanainua mizigo. Kulipokuwa na pori kavu kama Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, walikuwa na mtindo wao wa terekeza: wanaondoka mchana, wanalala njiani bila maji, na alfajiri wanasonga mpaka wayafikie maji mengine. Hakuna kitabu cha mafanikio hapo. Ni akili, mazoea na kuaminiana. Ukibwaga mzigo katikati ya Mgunda Mkali, si bosi atakayepata shida, ni mwenzako wa nyuma.

Vijana wa Unyamwezi walianza kujifunza wakiwa wadogo, wakitembea na vipande vidogo vya pembe begani. Kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Msimu wa kilimo ukifika walirudi kulima. Huo ndio uliokuwa "ujasiriamali" wao, na hawakuhitaji mtu wa kuwatia moyo kwa kipaza sauti.

Lakini sikilizeni sehemu ya pili, ambayo ndiyo muhimu. Mpagazi alikuwa na makubaliano. Mzigo unajulikana uzito. Safari inajulikana mwisho wake. Ujira unajulikana, mwingi ukiwa ni vitambaa, hasa merikani. Na kila siku kuna posho, ambayo kwa kawaida ilikuwa kibaba cha nafaka au kitambaa cha kununulia chakula. Mwenye msafara akichelewesha posho, au akiongeza mzigo kinyemela, mizigo ilikaa chini. Watu hawakuondoka. Akiendelea na ujeuri, usiku walitoroka. Wasafiri wa Kizungu walijaza vitabu vyao malalamiko kuhusu "uvivu" na "utovu wa nidhamu" wa wapagazi. Wapo kweli walioiba na kukimbia, sikatai, wapagazi hawakuwa malaika. Lakini ukisoma malalamiko hayo kwa jicho la mtu aliyewahi kufanya kazi bila kulipwa, unaona mara nyingi sana kilichotangulia ni njaa, mjeledi au mkataba uliovunjwa. Stanley mwenyewe aliandika jinsi alivyotumia mjeledi kwa watu wake mwaka 1871. Halafu anashangaa wanatoroka!

Mtu yule yule aliyegoma asubuhi kwa sababu ya posho, akishalipwa, anavuka Mgunda Mkali na kilo 32 kichwani bila kusukumwa. Kwake yeye kugoma na kujituma havikupingana. Vyote vilitokana na kitu kimoja: neno ni neno, la kwako na la kwangu.

Ndugu msomaji, angalia lugha yetu ilivyotunza habari hii, na jinsi tulivyoiharibu. Hongo ulikuwa ushuru uliolipwa wazi kwa mtemi ili msafara upite kwenye nchi yake na kutumia maji yake, watu wanakaa na kupatana mchana kweupe. Leo hongo inapitishwa chini ya meza. Nyapara alikuwa kiongozi wa kundi la wapagazi. Leo nyapara ni mfungwa anayesimamia wafungwa wenzake. Na posho, ambayo ilikuwa chakula cha anayebeba, leo ni pesa ya anayekaa. Posho ya kikao! Anayebeba anaambiwa asubiri mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi anaambiwa awe na nidhamu.

Sasa nije kwenye kisa ambacho kwangu mimi kinamaliza ubishi.

Nje kidogo ya mji wa Tabora, Kwihara, lipo tembe ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872 baada ya kuagana na Stanley. Watalii wanapelekwa pale kuambiwa habari za Livingstone. Mimi nadhani tunapelekwa kumwangalia mtu ambaye siye. Livingstone aliondoka Kwihara Agosti 1872 akiwa na wapagazi na wasaidizi, wengi wao wakiwa wametumwa na Stanley kutoka Zanzibar. Mwanzoni mwa Mei 1873 akafa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Hebu jiweke kwenye nafasi yao. Mnakaribia watu 60. Bosi amekufa. Hakuna simu, hakuna polisi, hakuna balozi. Mali ipo mikononi mwenu: vitambaa, bunduki, vyombo. Pwani ni mbali, safari ya miezi. Kubeba maiti kupita kwenye nchi za watu ni hatari, maana sehemu nyingi ni mwiko na mnaweza kupigwa au kutozwa faini kubwa. Nani angewalaumu kama wangemzika hapo hapo, wakagawana vitu na kila mtu akashika njia yake?

Walichofanya ni kukaa kikao. Wakawachagua Abdullah Susi na James Chuma wawaongoze. Vitu vya marehemu vikaorodheshwa, na aliyeandika ni Jacob Wainwright, kijana aliyesoma shule ya Nasik kule India. Moyo wakauzika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani kama wiki mbili, wakaufunga kwa magome na vitambaa, wakaanza safari. Njiani waliugua mpaka msafara ukasimama. Wengine walikufa. Walisonga.

Mwezi Oktoba 1873 wakafika Kwihara, hapa hapa Tabora. Hapo wakamkuta Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapo, njia ya mbele ni ya hatari. Fikiria: Mzungu, ofisa, anawapa ruhusa rasmi ya kutua mzigo. Wakakataa. Wakasema mzee ataenda kwao. Na mbele ya safari, walipozuiwa kwa sababu ya maiti, wakatengeneza mzigo wa uongo wakauonyesha unarudishwa Unyanyembe kuzikwa, huku mwili wenyewe wameufunga upya ufanane na robota la kitambaa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Miezi tisa. Aprili 18 mwaka huo Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London.

Na wao? Walilipwa ujira wao wakaambiwa waende. Kati ya wote, aliyefika mazishini kutoka kwenye msafara ule ni Wainwright. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mazishi yameshapita. Medali zilikuja kutengenezwa wakati wengi wameshatawanyika.

Sasa linganisheni. Mwaka 14 Augustus anakufa, askari wa dola kubwa kuliko zote wanavunja kambi. Mwaka 1873 bosi wa msafara mdogo wa Waafrika anakufa porini, na wanamaliza kazi ambayo hakuna aliyewaagiza. Tafadhali niambieni, nani amfundishe nani kujitawala?

Wapo watakaosema ninawasifu watu kwa kumtumikia Mzungu. La. Angalieni walichofanya: walichagua viongozi wao, wakaamua wenyewe, wakamkatalia Mzungu aliye hai ili watimize walichokubaliana wao kwa wao. Hapo hakuna utumishi wa kitwana. Hapo kuna watu wanaojitawala.

Wengine mtaniuliza: na Mirambo je? Maana Tabora huwezi kutaja uongozi wa kijeshi bila Mirambo. Kambi ya jeshi ina jina lake, barabara zina jina lake. Ni haki yake. Kijana wa ukoo wa kitemi aliyejenga dola kule Urambo, akaifunga njia ya Ujiji, na mwaka 1871 akawapiga Waarabu wa Tabora pamoja na Stanley ndani yao, mpaka sehemu ya mji ikachomwa. Stanley alipokutana naye mwaka 1876 alitarajia jambazi, akakuta mtu mpole wa sauti ya chini, aliyetulia. Wakachanjiana udugu. Huyo alikuwa mtu wa kujitawala hasa, na alipenda kupigana na vijana kwa sababu aliwaona wepesi na wasio na mke na watoto wa kuwafikiria vitani.

Lakini rugaruga wake walimfuata yeye, na walifuata nyara. Mirambo alifariki Desemba 1884. Mrithi wake, Mpandashalo, hakuweza kuishika ile dola, na baada ya miaka michache ilikuwa imevunjika. Rugaruga wakatawanyika wakamtumikia yeyote mwenye bunduki na malipo, na wengine wa jina hilo wakaja kuwa wasaidizi wa Wajerumani dhidi ya Waafrika wenzao. Mirambo nampa heshima zote, lakini nidhamu iliyokaa kifuani kwa mtu mmoja inazikwa naye. Taasisi zetu ngapi zipo hivyo leo? Meneja akisafiri, ofisi inalala. Mkurugenzi akihamishwa, mradi unakufa. Tunasifu "mtu mkali", "jembe", halafu jembe likiondoka shamba linabaki pori.

Msidhani nasema haya kwa kusoma vitabu tu. Mimi ni mwandishi wa gazeti. Kwenye gazeti moja nililowahi kufanyia kazi, jina nalihifadhi, tuliletewa mwalimu wa nidhamu. Slaidi zilianza na kofia ya askari wa Roma yenye manyoya mekundu. Tukafundishwa kuwahi, kuvumilia, kutolalamika. Ukumbini walikuwamo waandishi wa kujitegemea waliotoka mikoani kwa nauli zao, wanaolipwa kwa stori, na stori zao za miezi minne zilikuwa hazijalipwa. Mmoja akauliza kuhusu malipo. Akaambiwa swali hilo linaonyesha tatizo lake la mtazamo. Mwalimu akalipwa siku hiyo hiyo.

Huyo mwandishi wa mkoani ndiye mpagazi wa magazeti yetu. Anabeba kamera yake, bando lake, nauli yake ya bodaboda mpaka kijijini. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwenye chombo awawekee waajiriwa wake bima na hifadhi ya jamii. Njia rahisi ya kuikwepa ni ipi? Usimwajiri. Mwite wa kujitegemea miaka kumi. Halafu akipokea bahasha ya mwenye mkutano ili ale mchana, mwandikie barua ya maadili. Mimi bahasha naipinga, inaua kazi yetu. Lakini huwezi kumnyima mtu posho kisha ukashangaa anapokea hongo. Hata Lete Nyingine angeshindwa kukujibu hapo.

Mtanionyesha kwamba nchi hii imewahi kuwa na nidhamu ya juu, tuige hiyo. Sawa, tuitazame. Oktoba 1966 wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, ambapo wasomi wangekatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400. Unaweza kusema alikuwa mkali kupita kiasi, na mimi nasema hivyo, kwani kijana kuuliza habari ya mshahara si uasi. Lakini siku ile ile alitangaza kupunguza mishahara ya juu serikalini, na wa kwake ukakatwa asilimia 20. Hiyo ni Scipio kulala kwenye majani. JKT ya lazima kwa wasomi ilisitishwa mwaka 1994 na ikarudishwa mwaka 2013. Vijana wakarudi kwenye gwaride. Nauliza tu kwa upole: ule mkato wa asilimia 20 wa wakubwa nao ulirudi?

Kwenu vijana wenzangu pia nina neno, maana nisije nikaonekana nimewapa kisingizio. Mpagazi aligoma posho isipokuja, lakini posho ilipokuja alitembea. Sisi wapo wanaolipwa na bado wanafika saa nne. Wapo wanaonakili habari ya mwenzao wakabadilisha jina. Wapo ambao mhariri akisafiri, na wao wanasafiri. Huwezi kudai haki ya mpagazi huku unafanya kazi kama rugaruga. Ukipokea ujira, beba frasila zako mbili mpaka mwisho wa safari uliyokubali, hata kama hakuna anayekuona. Usipolipwa, tua mzigo, na tua pamoja na wenzako, kwa sauti na mchana. Kutoroka usiku mmoja mmoja hakujawahi kumrekebisha mwenye msafara yeyote.

Na ninyi mabosi, waheshimiwa, wakurugenzi na wamiliki, hii semina yangu ni ya bure. Hakuna haja ya kuagiza Kaisari. Pandeni treni mpaka Tabora. Nendeni Kwihara, mkasimame pale ambapo watu wasio na bosi waliambiwa watue mzigo wakakataa. Halafu mjiulize swali moja: wewe ukifa leo, wafanyakazi wako watakubeba miezi tisa, au watavunja kambi kabla ya jioni?

Jibu lipo kwenye daftari lako la mishahara. Kalifungue.